Wanawake wa Ngoma na Mlango wa Baraza

 Mazungumzo ya leo ni juu ya wanawake waliokuwa wa kwanza kupita mahali ambapo kabla yao hapakupita mwanamke, katika nchi ya Tanganyika na katika visiwa vya Unguja na Pemba. Majina yao mengine mnayajua, maana yametiwa katika njia na majengo ya Dar es Salaam. Lakini kujua jina la njia si kujua habari ya mtu. Basi nataka tuulizane: wanawake hao, ambao wengi wao hawakuwa na elimu kubwa, wala mshahara, wala cheo, waliingiaje barazani? Walikuwa na kitu gani mikononi mwao?

Yafaa tuanze Unguja. Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, alizaliwa binti wa watu wanyonge. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, nao walikuwa katika hali ya utumwa. Mtoto mwenyewe aliitwa Mtumwa. Alipokua alifinyanga vyungu kama mama yake, akavichukua kichwani kwenda kuviuza mjini, akipaza sauti njiani ili wanunuzi watoke nje. Sauti ile ndiyo iliyokuwa mali yake. Mjini alijifunza kusoma Kurani na kuimba kwa ala, akafundishwa na Ali Muhsin, fundi wa udi. Watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Naye ni Siti binti Saad.

Zamani hizo taarabu ilikuwa mchezo wa majumba ya wakubwa, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, akaimba mambo yaliyokuwa yakiwapata watu wa mitaani, hata maskini wa Ng'ambo akasikia habari zake mwenyewe zikiimbwa. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, Bara Hindi, na huko sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Sahani zile ziliuzwa pwani yote na bara, zikapigwa katika mikahawa na majumba ya watu. Hivyo mwanamke aliyetoka katika utumwa akasikika mahali ambapo magavana hawakufika. Alifariki mwaka 1950.

Nimemtaja Siti kwanza kwa sababu mfano wake ni mfano wa wenziwe waliomfuata. Hakungoja apelekwe shule ndipo awe mtu. Alichukua kazi aliyoijua na kipawa alichokuwa nacho, akavitumia mpaka watu wakamjua.

Sasa tuvuke bahari tuje Dar es Salaam. Katika miaka ya baada ya vita kuu ya pili, mji ulikuwa ukikua upesi. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi, wakakaa Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke. Wanaume walipata kazi bandarini, katika reli, katika maofisi na katika nyumba za Wazungu. Wanawake wengi hawakuandikwa kazi na mtu yeyote. Walipika vitumbua na maandazi wakauza, walipangisha vyumba, walishona, wengine walipika pombe. Mapato yao yalikuwa madogo, bali yalikuwa yao wenyewe.

Wanawake hao walikuwa na ngoma. Nasema ngoma, si kwa maana ya kucheza tu, bali kwa maana ya chama. Kila kundi la ngoma, kama lelemama na bomba, lilikuwa na mkubwa wake, na wasaidizi wake, na sare yake, na michango yake. Mtu akifiwa, wenziwe walikuja na mchango. Akiozesha, walikuja kupika na kuimba. Mwanamke wa Kizaramo na mwanamke wa Kimanyema na mwanamke wa Kinyamwezi walikaa katika kundi moja, wakasema Kiswahili kimoja. Habari iliyotoka kwa mkubwa wa ngoma asubuhi ilikuwa imefika mitaa yote kabla ya magharibi. Serikali ilikuwa na wakuu wa wilaya, na maliwali, na makarani, walakini haikuwa na kitu kilichofika jikoni kwa watu kama ngoma zilivyofika. Tena haikuzitazama sana ngoma hizo, kwa kuwa ilidhani ni mchezo wa wanawake.

Hapo sasa twaja kwenye njia mnayoijua ninyi mkaao Ukonga. Njia itokayo mjini kwenda Pugu hupita kwenu, na sehemu yake kubwa sasa yaitwa Barabara ya Nyerere. Mwenye jina hilo, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Francis huko Pugu, maili kama 12 kutoka mjini. Siku za mikutano alikuwa akija mjini kwa njia hii, pengine kwa miguu. Tarehe 7 Julai 1954 yeye na wenziwe waliunda chama cha TANU. Mwezi wa Machi 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa huko New York, ilimlazimu achague kati ya ualimu na siasa, naye akaacha ualimu. Habari hizo watoto hufundishwa shuleni. Walakini yafaa tuulize: huko mjini alikokwenda, ni nani waliokijaza chama kile watu?

Fikirini hali ilivyokuwa. Serikali ya Gavana Twining ilikuwa imewakataza watumishi wake wasijiunge na chama cha siasa. Basi karani, na mwalimu wa serikali, na kila aliyekula mshahara wa Serikali, aliogopa kununua kadi, kwani angefukuzwa kazi na watoto wake wangelala na njaa. Wanaume waliosoma, ndio hasa waliofungwa mikono. Lakini mwuza vitumbua nani atamfukuza? Mwenye kupangisha chumba kimoja Ilala, amri ile ilimhusu nini? Wanawake walikuwa wamewekwa nje ya maofisi na nje ya mishahara, na hilo lilikuwa dhuluma. Walakini kwa sababu walikuwa nje, hawakuwa na bwana wa kuwatisha. Jambo hili ndilo naomba mlishike katika mazungumzo yetu ya leo.

Mwaka ule wa 1955 alikuja Dar es Salaam Bwana John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza. Alipokutana na viongozi wa TANU aliwauliza kama chama chao kina sehemu ya wanawake. Viongozi wakajibu kwamba ipo. Kwa kweli haikuwapo. Ikawabidi wamtafute upesi mwanamke wa kuonyeshwa kuwa kiongozi wake, na aliyepatikana ni Bibi Titi Mohamed.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1926. Alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa angali kijana sana kama ilivyokuwa desturi. Alikuwa mwimbaji mkuu katika kundi la ngoma ya bomba, na watu walimjua kwa sauti yake. Yeye na mumewe walikuwa wamekwisha kununua kadi za TANU mapema, na kadi yake ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa. Alipotakiwa aongoze wanawake, hakwenda kutafuta watu wapya mmoja mmoja. Yeye na Bibi Tatu binti Mzee na wenziwao waliwaendea wakubwa wa ngoma, wakawaita, wakawaeleza, na wakubwa wale wakaenda kwa watu wao. Kabla ya mwaka kwisha wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi. Hesabu kama ile isingepatikana kwa barua wala kwa matangazo yaliyobandikwa ukutani. Ilipatikana kwa sababu njia zilikuwa zimekwisha kuchimbwa zamani, na maji yalingoja tu kufunguliwa.

Wako waliozificha kadi zao ili waume zao wasizione. Wako waliowanunulia kadi waume zao walioogopa kuonekana katika ofisi ya chama. Walichanga fedha, walilaza wageni, walipika chakula cha mikutano, walipeleka habari. Bibi Titi mwenyewe alisafiri majimboni, akapanda majukwaani mbele ya wanaume maelfu, akasema kwa Kiswahili cha mjini kinachoingia moyoni. Kwa wakati ule, mwanamke wa Kiislamu wa pwani kusimama mbele ya hadhara ya wanaume na kuwahutubia juu ya utawala lilikuwa jambo ambalo watu hawakupata kuliona. Wengine walimcheka, wengine walimtukana. Hakushuka jukwaani.

Basi ukaja uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1958 na 1959. Hapo mlango mwingine ulitokea, nao ulikuwa mzito. Kwa sheria ile, apigaye kura alipaswa awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe ameshika kazi fulani iliyotajwa. Tazameni wanawake waliokijaza chama. Mwenye miaka minne ya shule, auzaye maandazi, angepata wapi shilingi 3,000? Wengi katika waliofanya kazi kubwa kuliko wote hawakuwa na haki ya kutia kura. Waliwahimiza wengine waende wakapige, nao wakabaki nje wakiimba.

Tena sheria ile ilimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU iliamua kuingia uchaguzini na kuwasaidia Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo. Hivyo mwaka 1958 aliingia barazani Bibi Sophia Mustafa wa Arusha, mama wa Kiasia aliyezaliwa Bara Hindi na kukulia Nairobi. Aliingia kwa kura za Waafrika, naye baadaye aliandika kitabu cha siasa za miaka ile, The Tanganyika Way. Mwanamke wa Kiasia kupewa kiti na wapiga kura wengi wasio wa rangi yake lilikuwa jambo geni katika Afrika ya Mashariki, nalo lilionyesha kuwa sheria iliyokusudiwa kuwatenga watu kwa rangi yaweza kugeuzwa na watu wenyewe.

Mwaka 1960 aliingia barazani Bibi Lucy Lameck. Yeye alikuja kwa njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1934 Njoro, karibu na Moshi, akajifunza uuguzi, kisha akafanya kazi ya ukarani katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Alipelekwa Uingereza, akasoma katika chuo cha Ruskin, Oxford, kisha akaenda Marekani. Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, watu kama yeye walihitajiwa sana. Alifanywa waziri mdogo, mwanamke wa kwanza wa nchi hii kushika kazi ya namna hiyo, akashughulika na ushirika na maendeleo ya vijiji, na baadaye na afya. Alifariki mwaka 1993.

Mwezi wa Oktoba 1961, kabla ya uhuru kwa majuma machache, chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilifunguliwa katika nyumba ya TANU, mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Mwanamke mmoja alikuwa kati yao, Bibi Julie Manning. Huyo ndiye aliyekuwa mwanasheria wa kwanza mwanamke wa nchi hii, na jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Siku zile zile Bibi Tabitha Siwale alipewa wizara ya ardhi na nyumba. Wawili hao walikuwa mawaziri kamili wa kwanza katika wanawake wa Tanzania. Angalieni ajabu hii: chumba alimosomea jaji wa kwanza kilikuwa katika nyumba ya chama kilichojazwa na wauza vitumbua.

Lakini si haki kuwapa mazuri tu. Yapasa tuseme na yaliyompata Bibi Titi, maana hapo ndipo penye funzo zito.

Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa mbunge, akawa waziri mdogo. Walakini serikali mpya ilitaka watu wa kusoma majalada na kuandika Kiingereza, na kazi ya jukwaa haikuwa tena na thamani kama zamani. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi huko Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi wasipangishe nyumba. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, na kwa mwanamke asiye na shahada wala malipo ya uzeeni nyumba ndiyo akiba yake. Alijiuzulu katika Kamati Kuu ya chama. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa yeye na wengine kwa kosa la uhaini. Alikana. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais alimsamehe akatoka.

Baada ya hapo ilikuwa kimya. Mwanamke aliyesimama majukwaani kando ya Nyerere hakutajwa tena katika sherehe za uhuru. Watoto walizaliwa wakakua bila ya kulisikia jina lake. Mwaka 1984 mtaalamu wa historia kutoka Marekani, Bibi Susan Geiger, alimwendea Bibi Titi na wanawake wenziwe, akakaa nao, akawasikiliza, akayaandika maneno yao. Kitabu kilichotoka katika kazi hiyo kilichapwa mwaka 1997. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja tena kuwa shujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, na sasa njia kubwa katikati ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake. Magari hupita hapo mchana na usiku.

Wazee husema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nchi ilipopata manahodha wake, iliwasahau mabaharia. Sisemi kwamba Bibi Titi hakuwa na kosa lo lote maishani mwake. Hayo ni ya mahakama na ya Mungu. Nasema kwamba kesi ya mtu mmoja ilifunika kazi ya wanawake maelfu, na hao maelfu hawakushtakiwa kitu. Bibi Tatu binti Mzee ana njia ngapi? Wakubwa wa ngoma waliopeleka habari usiku, majina yao yameandikwa wapi? Mengi yamekwenda nao kaburini.

Na sasa turudi Ukonga. Mwaka 2010 watu wa jimbo la Ukonga walimchagua Bibi Eugen Mwaiposa kuwa mbunge wao. Hakuingia kwa kiti maalumu cha wanawake, bali kwa kura za jimbo, akishindana na wanaume. Mwaka huo huo wabunge walimchagua Bibi Anne Makinda kuwa Spika, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Hivyo mama wa Ukonga alipoinuka kusema, aliyempa ruhusa ya kusema alikuwa mama mwenziwe. Bibi Mwaiposa alifariki mwezi wa Juni 2015 angali mbunge. Miaka sita baadaye, tarehe 19 Machi 2021, Bibi Samia Suluhu Hassan, binti wa Unguja kama Siti, aliapishwa kuwa Rais, wa kwanza mwanamke katika nchi hii.

Mtu aweza kusema, basi safari imekwisha. Mimi sioni hivyo. Cheo cha mtu mmoja juu hakimwondolei mama auzaye samaki Gongo la Mboto mzigo wake wa asubuhi. Lakini kiko kitu ambacho mama yule anacho, kama walivyokuwa nacho wa 1955. Ana wenziwe wa kuchangiana. Kikundi chake cha kuweka na kukopa kina mwenyekiti, na mhazini, na daftari. Ana habari za mtaa wote. Watu wakubwa hukiona kikundi kile kuwa ni mambo ya wanawake tu, kama Serikali ya zamani ilivyoziona ngoma kuwa ni mchezo. Aliyesikiliza vema mazungumzo haya hatafanya kosa hilo.

Namalizia kwa ombi moja. Wako bado katika mitaa yenu bibi wazee ambao mama zao walikata kadi mwaka 1955, au waliimba katika lelemama, au walikuwa wa kwanza wa ukoo wao kwenda shule. Walimu na wanafunzi wa Ukonga, chukueni daftari na kalamu, mkawaendee kwa adabu, mkawaamkie, mkawaulize: Bibi, mama yako alikuwa nani, na alifanya nini? Andikeni majibu kama watakavyoyasema, kwa maneno yao wenyewe, na jina kamili, na mtaa, na mwaka kama waukumbuka. Msingoje mgeni aje kutoka ng'ambo kuwaandikia habari za nyumbani kwenu.